Mwaka Tuliofundishwa Kutua

Mwezi uliopita nilikwenda harusi hapa Garissa. Wanawake tulikuwa chumba cha ndani, tumebanana kwenye mikeka, sinia za wali na nyama ya ngamia katikati yetu, moshi wa uvumba machoni, na watoto wakipanda na kushuka kwenye rundo la magodoro lililopangwa pembeni. Mmoja wao alikuwa Sumaya, binti yangu wa miaka sita. Alifika juu kabisa, akanyoosha mikono, akaruka, akatua kwa miguu miwili kati ya sinia mbili bila kumwaga hata punje ya wali. Nilikuwa karibu kumpigia makofi. Ndipo Eddo Shukri, shangazi ya mume wangu, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Naa, mshike huyo mtoto. Unataka awe kama Hodhan?" Wanawake wote wakageuka kumtazama Hodhan. Alikuwa ameketi ukutani, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyoosha mbele yake, kwa sababu goti la mguu huo halikunjiki. "Kuruka ndiko kulikomvunja," Eddo Shukri akawaeleza wageni. "Shuleni. Mwalimu mmoja aliyetoka huko Kenya aliwafundisha wasichana wetu kuruka kama mbuzi." Wazee wetu husema hivyo, huko Kenya, kama kwamba hapa tulipo ni nchi nyingine. Hodhan akachukua tonge la wali akala. Na mama mkwe wangu, ambaye Sumaya humwita Ayeeyo, akafuta mikono yake, akasema kwa upole, kana kwamba anazungumzia kununua viatu, "Shule zikifungwa nitakwenda na huyu Takaba. Wakati wake umefika."

Kila mwanamke pale ndani alijua maana ya maneno hayo, na wewe unayesoma nitakwambia wazi ili usije ukasema hukuelewa: tohara. Kwetu binti hupelekwa akiwa na miaka kama ya Sumaya, huko kwa bibi, wakati wa likizo, na anaporudi hatakiwi kuruka tena kutoka juu ya chochote. Nikasema, "Hodhan hakuvunjwa na kuruka." Wakacheka. Mmoja akanisogezea sinia akaniambia nile, nimekonda tangu nijifungue huyu wa pili. Nilikula. Lakini tangu siku ile nina hasira ambayo sioshi nepi wala sisongi ugali bila kuwa nayo, na nimeamua kuiandika, kwa sababu mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale goti lile lilipovunjika. Wale wanaolisimulia hawakuwapo hata mmoja.

Ulikuwa mwaka kabla ya mafuriko ya El Nino, mwaka wa kiangazi, na mimi nilikuwa kidato cha pili katika shule ya wasichana ya bweni hapa hapa Garissa. Ya kwetu nyumbani nayaacha, hayana kazi hapa. Ninachokumbuka zaidi ni bweni lenyewe: vitanda vya chuma vya juu na chini, na mabati yaliyokuwa yakilia ta, ta, ta adhuhuri kwa joto, na tena jioni yakipoa. Tulimwaga maji sakafuni tukalala juu ya saruji, godoro limewekwa kando, kila mtu na leso yake. Asubuhi tulikunywa uji, mchana githeri, jioni ugali na maharagwe, na keshoyake hivyo hivyo, mpaka mtu akawa anajua siku kwa harufu ya jikoni. Kilichotuokoa ni mikebe. Kila msichana alikuja na mkebe wa nyirinyiri kutoka kwao, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, na mkebe wa Hodhan ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote. Alikuwa ametoka Rhamu, mrefu, mwembamba, mdomo haufungi. Aliutumia mkebe ule kama serikali. Aliyempa pasi nzuri alipata kijiko. Aliyepiga mwenyewe akakosa hakupata kitu mpaka atubu.

Maana tulikuwa tunacheza mpira. Hatukuwa timu, hatukuwa na jezi, hatukushindana na shule yoyote. Tulicheza kwa sababu baada ya sala ya alasiri joto lilipungua na hakukuwa na kitu kingine cha kufanya hadi magharibi. Uwanja ulikuwa nyuma ya jikoni, umezungushiwa mabati ili madereva wa malori ya barabarani wasituone, na magoli yalikuwa madebe manne. Tulivaa sketi pana za shule na suruali ndani, hijabu tumeifunga shingoni kwa nyuma, wengine raba, wengi miguu mitupu. Siku hizi nikisikia watu wakisema wasichana wa Kisomali hawapendi michezo, huwa nakumbuka vumbi lile na kelele ile, na Deka, golikipa wetu, akidaka mpira kwa hijabu kama mtu anayevua samaki.

Madam Nafula alikuja muhula wa kwanza kufundisha bayolojia, akapewa na michezo kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeitaka. Alikuwa kijana, mnene kidogo, mwenye mapaja ya mtu aliyekuwa akiruka alipokuwa chuo cha ualimu; kule alishindana miruko mitatu, alituambia, na hakuna aliyemwamini mpaka alipoweka vitabu vyake chini ya mwarobaini akaruka mbele yetu, na sketi yake ya ualimu. Kwa siku nyingi alisimama tu pale chini ya mwarobaini akitutazama. Kisha jioni moja akatuita.

"Nyinyi mnakimbia vizuri," alisema. "Lakini mpira ukiwa juu mnausindikiza kwa macho. Hodhan, urefu wote huo ni wa nini?"

"Wa kuanika nguo, Madam."

Alicheka zaidi yetu. Kisha akatueleza alichotaka kufanya. Msuli, alisema, ni kama mpira wa manati: ukiuvuta ukauachia papo hapo, unarusha; ukiuvuta ukakaa nao, umechoka bure. Mazoezi yake yangekuwa ya kushuka na kupanda hapo hapo, mguu uguse chini kama unagusa sufuria ya moto. Lakini kabla ya kupanda, mtu hujifunza kushuka. Hakuna atakayeruka juu hapa, alisema, mpaka nione anavyotua. Akaleta kreti ya soda kutoka jikoni, akaigeuza, na kazi yetu ikawa ni kusimama juu yake, kushuka, na kutua. Basi. Kwa majuma kadhaa hatukufanya lingine. Na hakuturuhusu kila siku. Siku ya kreti ilifuatwa na siku ya kupumzika, na aliyeanza kuhema alitolewa akaketi, hata akilalamika, kwa kuwa miguu iliyochoka, Madam alisema, hutua vibaya na mwenyewe hajui.

"Nataka nisiwasikie," alisema. "Paka akishuka mezani, mnamsikia?"

"Tunasikia sahani, Madam," Hodhan akajibu.

Tulijifunza kutua kimya. Tulijifunza kukunja magoti na kiuno, kutua kwa mbele ya wayo kwanza. Jambo moja tu lilitushinda, na lilitushinda sote pamoja, kiasi kwamba Madam alifikiri tunafanya makusudi. Kila msichana aliposhuka kwenye kreti, magoti yake yaligongana. Yalikwenda ndani, yakashikana, kama mlango wa mabawa mawili unaojifunga. "Magoti nje," Madam alisema. "Goti likae juu ya vidole vya mguu wake. Likienda ndani, siku moja litakatika." Tulijaribu. Tulicheka. Yakarudi ndani. Alituzunguka, akapiga magoti mchangani kututazama kwa mbele, akamshika Deka mguu, akauliza, "Nani aliwafundisha hivi?" Tuliitazama miguu yetu. Si kwamba tulificha. Hata sisi hatukuwa tumelijua; ndivyo miguu ilivyokuwa.

Basi akafanya kosa ambalo ni mtu wa mbali tu angeweza kulifanya, na alilifanya kwa nia njema. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakifunga duara. Kwao chuoni, alisema, mtu ambaye magoti yake yanaingia ndani hufungwa mpira kama huo juu kidogo ya magoti, ili asukume nje anaposhuka. Anapousukuma, msuli wa nyonga unaamka. Hodhan alipanda kwenye kreti kwanza, kama kawaida yake. Madam akapiga magoti, akaipitisha ile tyubu miguuni mwake juu ya suruali, akaipandisha mpaka mapajani, ikabana.

Nilisikia vijiko vikioshwa jikoni. Msichana mmoja aliketi chini pale alipokuwa. Deka aligeuka akatazama mabati ya ua. Mimi miguu yangu mwenyewe ilikuwa imeshikana, na sikumbuki kuiambia ishikane.

"Sukuma nje," Madam alisema akiwa bado chini. "Isilegee."

"Madam, fungua."

"Haiumi, ni ya kusukuma tu."

"Madam. Fungua."

Hiyo haikuwa sauti ya Hodhan tuliyemjua. Madam aliinua uso, akatuona, akaivuta ile tyubu chini haraka. Akauliza nini kimetokea. Tulitazamana nani aseme, na aliyesema ni yule yule Hodhan, amesimama juu ya kreti, mikono imeishikilia sketi yake. "Sisi tushafungwa, Madam. Baada ya tohara unafungwa kwa kitambaa, kutoka kiunoni mpaka hapa," akaonyesha vifundo vya miguu. "Unalala hivyo mpaka upone. Ukitaka kwenda nje, unabebwa kama gogo. Ukifunguliwa unaambiwa, tembea hatua ndogo. Usiruke. Usipanue miguu, utachanika mshono, utarudiwa."

"Wote?" Madam aliuliza.

"Wote."

Alikalia ile kreti baada ya Hodhan kushuka. Hakulia, na namshukuru kwa hilo, maana angelia angetugeuza sisi kuwa wa kumbembeleza. Alikaa, akakunja ile tyubu ndogo ndogo, akaitia mkobani, sikuiona tena. Tangu wakati ule nimekaa kwenye semina nyingi, nimepewa kalamu na soda, nimesikia wataalamu wakisema maneno mengi juu ya miili yetu kwa saa nzima. Madam Nafula alisema moja tu: "Basi tutafute njia nyingine."

Njia nyingine ilikuwa mfereji wa jikoni. Maji ya kuoshea vyombo yalipita kwenye mfereji mdogo wa mchanga, mwembamba, kutoka kwenye bomba mpaka kwenye miarobaini, yamebeba mabaki ya githeri na povu la sabuni. Madam alituita siku ya mazoezi iliyofuata, akatusimamisha juu yake, mguu mmoja ng'ambo hii, mwingine ng'ambo ile, akasema turuke mbele tukiufuata, na kila tunapotua tuwe bado tuko ng'ambo zote mbili. Anayeleta miguu pamoja anatua majini. Hakuna kamba, hakuna mtu wa kukushika. Siku ya kwanza sote tulitua majini. Tulinuka. "Leo tutalala na githeri vidoleni," Hodhan alisema, na vicheko vikarudi. Mpishi alitoka akatuuliza kama tumerogwa. Lakini mwili ni kitu cha ajabu, haupendi maji machafu. Taratibu miguu ikaanza kukaa mbali, goti likaanza kulitafuta dole lake, na siku moja Deka alifika kwenye miarobaini na miguu mikavu, akageuka kututazama kama mtu aliyeibiwa kitu akarudishiwa.

Ndipo Madam akaturuhusu kupanda. Tulishuka kwenye kreti, tukagusa, tukapaa. Tuliruka mguu mmoja, miguu miwili, kando, mbele, miruko michache tu, kisha pumzika. Najua inaonekana ni jambo dogo. Nina watoto wawili sasa, nimeshaona makubwa, na bado nasema kuwa sijawahi kuhisi tena nilichohisi muhula ule: kwamba ardhi iko upande wangu, kwamba ukiikanyaga sawasawa inakurudishia. Nilikuwa na miaka kumi na sita na ilikuwa mara yangu ya kwanza kufikiri kuwa miguu yangu ni yangu. Mpira wa juu ulikuwa wetu. Hodhan alikuwa anapanda mpaka unaona nyayo zake, anapiga kichwa, anatua ng'ambo mbili za mfereji usiokuwapo. Jioni, bwenini, alifungua mkebe wake akagawa nyirinyiri kwa kila mtu, hata waliokosa pasi. "Serikali imefurahi," alisema.

Aliyeona tofauti kabla ya wengine ni Matron Habiba, mlezi wa bweni letu. Siku moja mimi na Deka tulikuwa zamu ya kuchambua maharagwe kwenye ukumbi wa chakula, na Matron na Madam walikuwa stoo ya jikoni, ukuta wa mbao tu kati yetu. Matron hakuwa amesoma sana. Kiswahili chake alikitumia kwa walimu tu, na p mara nyingi ilimtoka kama b.

"Madam, hii wasichana natembea kama askari. Mguu huku, mguu huku. Mimi naona, mzazi bia ataona."

"Wanatembea vizuri, Matron. Magoti yao yamekuwa na nguvu."

"Msichana naweka magoti bamoja. Hiyo ndiyo heshima."

"Wakitua magoti pamoja watavunjika."

"Mimi miaka yote magoti bamoja, sijafunjika."

"Kwani wewe huruka, Matron?"

Tukamsikia Matron akicheka, kicheko kizito cha tumbo. "Mimi naruka wabi, mama? Mimi nashuka tu." Deka aliziba mdomo kwa hijabu. Lakini sauti ya Matron ilipoanza tena ilikuwa ya chini, na hilo ndilo ninalolikumbuka kila ninapotaka kumchukia. "Nisikilize. Hii wazazi, mimi ndiye nakwenda kwao kuomba. Nakaa chini, nabembeleza, leta msichana shule. Wakisikia kuruka, mpira watakataa. Na mpira wakikataa, shule bia watakataa. Wewe utahamishwa. Hawa watakwenda wabi?" Tukaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

Wazazi walisikia. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi ule ule, wanaume mbele, na sisi tulichungulia dirishani. Mimi nilitegemea mpira upigwe marufuku, ningalilia, mambo yangaliisha. Walichoamua kilikuwa kibaya zaidi kwa sababu kilionekana cha busara. Mpira ubaki, walisema, ni michezo ya watoto. Mazoezi ya kuruka yakome. Suruali zivuliwe, ni mavazi ya wanaume. Na sketi za wachezaji zishonwe upya: nyembamba, moja kwa moja mpaka vifundoni, zisizo na mpasuo, ili hata msichana akitaka kupanua miguu asiweze. Fundi cherehani alikuja na tepu yake akatupima bwenini, Matron amesimama pembeni. Madam alikwenda kwa mwalimu mkuu akamweleza, na sisi tulimsikia maana hakushusha sauti: wasichana hawa wameshajifunza kupanda, ukiwafunga magoti sasa hawatakuwa na pa kutua. Aliambiwa afundishe bayolojia. Akarudi uwanjani kutuambia kitu kimoja, mpira wa juu tuuache upite. Mpira wa chini tu. Alituapisha. Na muhula ulipokwisha, uhamisho wake ukaja.

Muhula uliofuata tulicheza mpira wa chini, kwa sketi zile, hatua ndogo ndogo, kama kuku waliofungwa. Ilichosha moyo. Kisha jioni moja Deka, aliyekuwa amechoka kukaa golini, akapiga kona, akaipiga juu kuliko alivyokusudia. Hodhan alikuwa katikati. Nilimwona akiutazama. Hakufikiri, na huwezi kumlaumu mtu kwa mwili uliofundishwa vizuri: alishuka kidogo, akagusa, akapaa. Alipaa na sketi ile. Kichwa chake kiliukuta mpira juu kabisa, ukaenda kati ya madebe mawili. Kisha akashuka. Niliona miguu ikitafuta ng'ambo mbili. Niliona kitambaa kikikaza. Akatua mguu mmoja kwanza, goti likavutwa ndani, na tukasikia, hata mpishi alisikia, mlio kama ukuni mkavu ukivunjwa.

Alikuwa chini, uso mweupe kwa vumbi. "Mpira umeingia?" aliuliza.

"Umeingia," nikamwambia.

Ndipo akapiga ukelele.

Matron alikuja mbio na kisu cha jikoni, maana goti lilikuwa limeanza kuvimba ndani ya sketi ile na haikuweza kuvuliwa. Aliichana yeye mwenyewe, kutoka vifundoni mpaka juu, akilia, akisema maneno ya dua. Tulimbeba Hodhan mpaka chumba cha wagonjwa. Alikandwa kwa samli, akasomewa, na baada ya siku kadhaa akapelekwa hospitali, akafungwa plasta ndefu iliyokaa mno. Ilipotolewa, goti halikukunjika. Baba yake alikuja na lori, akampandisha mbele, wakaenda Rhamu. Mkebe wake aliuacha kitandani, nusu. Hatukuweza kuula.

Asubuhi moja kwenye gwaride tuliambiwa mpira umekwisha, na kwamba tumeona wenyewe matokeo ya kuruka. Sketi haikutajwa. Haijatajwa mpaka leo. Ikawa hadithi: mwalimu wa Kenya, wasichana waliorukishwa, Hodhan aliyevunjika. Imezunguka mji, imevuka Wajir, imefika Takaba, imerudi Garissa na sasa imeingia harusini na kukaa juu ya kichwa cha mtoto wangu. Hiki ndicho kinachonichoma. Walimfunga, akavunjika kwa kufungwa, na wanalitumia goti lile lile kuwa sababu ya kumfunga mwingine.

Baada ya harusi nilimtafuta Hodhan. Anauza maziwa ya ngamia sokoni, amekaa juu ya kigoda kirefu alichotengenezewa na mumewe ili mguu upate nafasi. Nilisubiri wateja wapungue. Nikamuuliza, bila kumsalimia vizuri, kwa nini alinyamaza siku ile.

"Niliulizwa lini?" alisema. "Abaayo, miaka yote hii wananionea huruma. Hakuna aliyeniuliza."

Nikamweleza Ayeeyo alichosema kuhusu Sumaya. Aliendelea kumimina maziwa kwenye chupa, akafuta mdomo wa chupa kwa kidole. "Lori la Takaba linaondoka siku gani?"

"Ijumaa, shule zikishafungwa."

"Haye," alisema, na akamgeukia mteja.

Ijumaa Ayeeyo alikuja na gauni jipya la Sumaya na biskuti za njiani. Si mwanamke mbaya. Aliniletea supu siku zote arobaini za uzazi, kwa watoto wote wawili. Nilimpa chai. Nilikuwa nimejipanga kusema mengi, na nilikuwa nimejifungia mtoto mdogo mgongoni ili mikono yangu iwe huru, sijui niliiandaa kwa ajili ya nini. Hodhan akaingia, akivuta mguu, akasalimia, akatafuta mahali pa kukaa ukutani.

"Kumbe ni wewe," Ayeeyo alisema. "Maskini mwanangu. Ndiyo maana nawaambia hawa mabinti, kuruka..."

"Hooyo," Hodhan alisema, kama anavyoitwa mama yeyote. "Goti ni langu. Ukitaka kulisimulia, lisikie kwangu kwanza."

Akasimulia. Hakupamba. Kreti, tyubu, mfereji, sketi, kisu cha Matron. Alipofika kwenye kufungwa kwetu tulipokuwa wadogo, Ayeeyo aliangalia kikombe chake, maana alikuwa anajua jambo lile kwa mwili wake kuliko sisi sote. Hakubisha. Alingoja mpaka mwisho, akauliza lile ambalo ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo.

"Na nani atamwoa?"

"Mimi nimeolewa na mguu usiokunjika," Hodhan akasema. "Huyu ana miwili mizima."

"Baba yake nitamwambia nini?"

"Nilimpigia simu huko Liboi aliko," nikasema. "Alisema hayo ni mambo ya wanawake, nisimsumbue akiwa kazini. Basi wanawake ni sisi. Na mimi nimekataa."

Nilitegemea ukelele. Ayeeyo alikunywa chai yake mpaka sukari ya chini, akaweka kikombe, akasema, "Nikirudi baada ya mvua, tutazungumza tena." Nikamwambia tutazungumza, na kwamba jibu litakuwa hilo hilo. Aliliacha gauni juu ya mkeka, akachukua biskuti. Tukamsindikiza mpaka barabarani, Hodhan nyuma yetu polepole. Lori liliondoka baada ya alasiri, limejaa unga na mabati, Ayeeyo mbele karibu na dereva, mkoba mapajani. Sumaya alikuwa ameahidiwa kuona watoto wa ngamia. Alilia barabarani, akanipiga mguuni kwa ngumi zake ndogo, akasema mimi ni mama mbaya. Nikamwacha alie.